Kumchagua Dume na Kuwalea Wanakondoo: Tuliyojifunza kwa Hasara

Kila unapokaribia mwezi wa Mfungo Tatu, bei ya kondoo hupanda katika pwani yetu, na kila mwenye zizi hutamani awe na mnyama mzito wa kuuza. Malori hushuka kutoka Garissa, Tana River na Taita. Wanunuzi hupita baina ya wanyama wakiibonyeza migongo kwa vidole. Waume zetu nao huulizana barazani, baada ya sala ya Alasiri, ni wapi alikopatikana kondoo aliyenona. Idd ikishapita bei hutulia, lakini haja ya nyama nzito haiishi. Mahoteli, walima za harusi na mabucha ya mjini hutaka mzoga wenye paja nene na mgongo uliojaa, si mifupa iliyovikwa ngozi.

Hapo ndipo sisi akina mama tunaofuga majumbani tunapoiona nafasi ya riziki ya halali. Kondoo hataki shamba kubwa kama ng'ombe, huzaa mapema, na fedha yake hurudi kabla ya mwaka kugeuka mara mbili. Lakini uzito hauji kwa kutamani. Huanza kwa dume aliyechaguliwa kwa akili, na hukamilika kwa malezi ya mwanakondoo tangu saa ya kwanza. Haya tunayaandika kwa kuwa sisi wenyewe tuliyakosea yote mawili, na hatupendi mwenzetu mwingine ayalipie bei tuliyoyalipia.

Hasara yetu

Sisi ni kikundi cha akina mama 12 wa Kwale, katika ukanda wa mvua ulio karibu na bahari. Tulianza na majike 22 wa kienyeji, wengi wao wekundu, wenye asili ya kondoo wa Kimasai. Walikuwa wadogo wa umbo, na kila tulipopeleka wana wao sokoni tuliambiwa ni wepesi. Tukachanga kwa miaka 3, shilingi kwa shilingi, hadi tukaweza kumnunua dume mmoja wa Dorper, mweupe mwenye kichwa cheusi, kutoka ranchi moja ya bara. Siku aliposhushwa garini watoto walimkimbilia kama waliokuja kutazama bwana harusi.

Katika kikundi chetu yuko mama mmoja wa makamo, tunamwita Bi Mkubwa, aliyelelewa na wafugaji. Alimzunguka dume yule mara mbili, akampapasa mgongo, kisha akasema: "Wanangu, nasikia mmeuliza bei yake na kilo zake. Je, mmeuliza alikotoka mvua hunyesha miezi mingapi?"

Tulicheka kwa heshima, tukamwambia, "Bi Mkubwa, mnyama ni mnyama." Hakurudia neno.

Wanakondoo 24 walizaliwa mwanzoni mwa masika. Walikuwa wakubwa kuliko wote tuliopata kuwaona katika mazizi yetu. Habari zikaenea mtaani, na jirani 7 wakaja wakitaka tuwawekee kondoo wa Idd ya mwaka wa pili. Tukapokea arubuni zao. Zaidi ya hayo, wawili kati yao tuliwauzia wana ambao bado walikuwa matumboni mwa mama zao. Fedha hizo tukazitumia kununua mabati ya zizi.

Ilipofika wiki ya 7, mambo yakageuka. Mwanakondoo aliyekuwa akirukaruka jana alibaki nyuma leo. Chini ya taya palitokea uvimbe laini kama kijaruba cha maji. Tulipofungua kope tulizikuta nyeupe kama karatasi. Kabla ya kufika umri wa kuachishwa maziwa, walikufa 11 kati ya wale 24. Afisa wa mifugo wa kaunti alipompasua mmoja mbele yetu, tumbo la nne lilikuwa limejaa minyoo myembamba kama nyuzi, yenye michirizi myekundu ya damu. Wale waliokufa karibu wote walikuwa weupe wenye kumshabihi zaidi baba yao.

Jibu lililokuwa jirani yetu

Dorper ni kondoo wa Afrika Kusini. Alitengenezwa katika miaka ya 1930 kwa kuchanganya kondoo wa Dorset Horn, mwenye asili ya Uingereza, na kondoo mwenye kichwa cheusi aliyeitwa Mwajemi. Jina Dorper ni vipande vya majina hayo mawili vilivyounganishwa. Huyo aliyeitwa Mwajemi, kwa asili, ni wa ukoo wa kondoo wa Kisomali wenye vichwa vyeusi, wale wale tunaowaona wakipitishwa Tana na Lamu. Kwa hiyo Dorper si mgeni kabisa kwetu. Ana nyama nyingi, hukua upesi, hana sufi ya kunyolewa, na hustahimili ukavu. Lakini alitengenezwa kwa ajili ya nchi kavu.

Kondoo Mwekundu wa Kimasai ni mdogo, na sura yake haivutii mnunuzi. Kipaji chake kimefichika ndani: mwili wake hupambana na minyoo inyonyayo damu kuliko kondoo wengi wajulikanao. Tangu katikati ya miaka ya 1970, madume ya Dorper yalipoanza kusambazwa kwa wingi nchini, wafugaji wengi waliwachanganya kondoo wao bila mpango, hata Mwekundu halisi akawa adimu.

Lililotuuma zaidi ni kuwa jibu la tatizo letu lilikuwa limekwisha kupatikana mwendo mfupi kutoka kwetu. Katika miaka ya 1990, watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo ambayo leo huitwa ILRI waliwalea kondoo wa aina hizi mbili, pamoja na machotara wao, huko Diani. Katika unyevu wa pwani, wana wa kondoo Mwekundu walipona kwa wingi zaidi na walibeba minyoo michache, na kwa jumla kundi la Wekundu liliwapita Dorper kwa mbali katika nyama iliyofikia sokoni. Lakini katika ranchi kavu ya Kapiti, kusini-mashariki mwa Nairobi, Dorper hakuachwa nyuma namna hiyo.

Hapo tukalielewa swali la Bi Mkubwa. Uzito wa kundi ni jumla ya walio hai. Mwanakondoo wa kilo 30 aliyekufa hana hata ratili moja sokoni.

Madume wawili, kazi mbili

Dume yule tulimuuza kwa mfugaji wa upande wa Kinango, ambako nchi ni kavu, na huko amestawi. Mahali pake tuliwaweka madume wawili. Wa kwanza ni Mwekundu halisi, mkubwa kuliko wote tuliowaona, naye hupewa majike wetu bora ili tupate mabinti wa kurithi nafasi za mama zao. Wa pili ni chotara, nusu Dorper na nusu Mwekundu, naye hupewa majike waliobaki. Wana wake wote, wa kiume na wa kike, ni wa kuuzwa. Hatumbakizi hata mmoja kwa uzazi, hata awe mzuri namna gani. Kwa njia hii nguvu za kupambana na minyoo hazipotei katika kundi, na nyama ya Dorper huonekana katika wale waendao sokoni.

Mwenzetu anayeishi Voo, Kinango ya ndani au Taita tambarare anaweza kumtumia Dorper halisi bila ya hofu tuliyonayo sisi. Anayeishi Msambweni, Matuga au Kilifi karibu na bahari na atazame mara mbili. Kila mmoja na achague kwa kuitazama mvua yake.

Namna ya kumkagua dume

Usimnunue dume kwa macho tu, wala kwa picha ya simu. Nenda ukamguse. Sisi hufuata utaratibu huu:

Kwanza, mdomo. Meno ya chini yakutane sawasawa na ufizi wa juu. Taya lililotangulia mbele au lililobaki nyuma ni aibu itakayorithiwa. Tazama na meno ya mbele: mawili makubwa ya kudumu hutoka kati ya mwezi wa 12 na wa 18, nayo hukuonyesha umri wake.

Pili, macho na kope. Kope ziwe nyekundu au za waridi. Dume mwenye kope nyeupe katika zizi ambalo wenzake ni wazima, usimchukue.

Tatu, miguu. Mwache atembee mbele yako kwenye ardhi ngumu. Dume mwenye kwato mbovu hatawafuata majike.

Nne, mgongo na mapaja. Weka kiganja nyuma ya mbavu za mwisho. Hapo ndipo mnunuzi wa nyama atakapogusa, na hapo ndipo nyama ya bei hukaa. Mgongo uwe mrefu na mpana, na paja lishuke likiwa limejaa hadi karibu na goti.

Tano, uzazi wake. Korodani ziwe mbili, zilizolingana, ngumu kiasi na zisizo na uvimbe. Kwa dume aliyekomaa, mzunguko wake upimwapo kwa futi ya fundi cherehani usipungue sentimita 30.

Sita, daftari lake. Muulize mwenye mali: mama yake alizaa pacha? Alikuwa na kilo ngapi alipoachishwa maziwa? Alipewa dawa ya minyoo mara ngapi? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Dume mdogo kidogo aliyekua vizuri bila dawa nyingi, katika nchi yenye mvua kama yako, ni bora kuliko jitu lililolelewa kwa nafaka na dawa.

Baada ya kumnunua, mtenge kwa wiki 3 kabla ya kumchanganya na wengine, na umwite daktari wa mifugo ampe chanjo, hasa ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Dume mmoja aliyekomaa hutosha majike 25 hadi 40. Baada ya miaka 2 mbadilishane na kikundi kingine, asije akawapanda mabinti zake. Na majike wanaozaa kwa mara ya kwanza wasipewe dume mkubwa kupita kiasi. Kichwa na mabega ya mwana huweza kumuua mama.

Hesabu ya miezi

Anayelenga soko la bucha anaweza kuuza mwanakondoo wakati wowote uzito unapofika. Anayelenga Idd ana sharti la umri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kondoo wa udhiya hutimiza mwaka, au awe ameng'oa meno yake ya mbele kabla ya hapo. Asiwe chongo, wala kiguru, wala mgonjwa, wala aliyekonda.

Mimba ya kondoo huchukua siku 147 hadi 150 hivi, na hiyo ni karibu sawasawa na miezi 5 ya mwandamo. Dume akiingizwa mwanzoni mwa Mfungo Nane, wana huanza kuzaliwa Mfungo Mosi. Sisi humwacha kwa siku 35, ili kila jike apate nafasi mbili, kwa kuwa siku zake hurudi kila baada ya siku 17 hivi. Humpaka kifuani ngeu iliyochanganywa na mafuta, ili jike aliyepandwa aonekane mgongoni, nasi tuandike tarehe. Wa mwisho huzaliwa mwanzoni mwa Mfungo Pili, na ifikapo Mfungo Tatu ya mwaka unaofuata wote wametimiza mwaka. Tangu dume kuingia hadi siku ya kuchinja ni miezi 19. Anayeanza kufikiria kondoo wa Idd baada ya Ramadhani amechelewa kwa zaidi ya mwaka.

Miezi ya mwandamo nayo hurudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo majira ya kuzaliwa hayakai mahali pamoja. Miaka mingine huangukia kiangazi, mingine huangukia masika au vuli. Sisi tuliangukia masika bila kujua. Tazama kalenda mbili kwa pamoja: ya mwezi na ya mvua. Kama uzazi utaangukia mvua, zizi lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa na majani ya kukatwa yawe tayari kabla dume hajaingia.

Saa ya kwanza

Mwanakondoo huzaliwa bila kinga yoyote mwilini. Kinga yake imo katika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, na tumbo lake huweza kuipokea kwa saa chache tu. Ahakikishwe amenyonya ndani ya saa 2, na asikose kabisa kabla ya saa 6. Mwenye kilo 3 anahitaji kama mililita 150 kwa mara ya kwanza. Akiwa dhaifu, mkamue mama yake umnyweshe kwa chupa ya mtoto, polepole, kichwa kikiwa kimeinuka kiasi, maziwa yasije yakaingia mapafuni. Mama mwenye maziwa mengi akamuliwe kidogo, na dang'a hiyo igandishwe kwenye friji kwa ajili ya yatima.

Kitovu kichovywe katika dawa ya iodini mara tu azaliwapo. Mama na mwana wakae peke yao kwa siku moja au mbili ili wajuane, hasa wakiwa ni pacha, kwani mama hushika mmoja akamsahau mwingine. Kila mwana apimwe kwa mizani ya kuning'iniza na aandikwe.

Kazi hii ya usiku mara nyingi huwa ya mama na watoto wa nyumba. Tumeona binti zetu wakijifunza hapo yale ambayo hawakujifunza darasani: kuvumilia, kuhurumia, na kuandika kila kitu.

Adui wa masika

Jike mmoja wa mnyoo ule unyonyao damu huweza kutaga maelfu ya mayai kwa siku. Katika joto na unyevu wetu, mayai hayo huwa viluwiluwi tayari kumezwa kwa muda wa kama wiki moja. Hupanda majani wakati wa umande na hukaa karibu na ardhi. Minyoo 1,000 tumboni huweza kunyonya mililita 50 za damu kwa siku, na mwanakondoo ana damu kiasi gani ya kutoa?

Kwa hiyo, wakati wa mvua kondoo wetu hawatoki kabla umande haujakauka. Malisho hayaliwi hadi udongoni. Tunahama mapema na kuyapumzisha. Wadogo hukaa zaidi zizini na huletewa majani marefu yaliyokatwa, pamoja na majani ya mlusina na gliricidia, kwa kuwa viluwiluwi havipandi mti. Mlusina usizidi theluthi moja ya chakula, kwani ukizidi hudhuru.

Dawa ya minyoo hatumpi kila mmoja kila mwezi, kama tulivyofanya baada ya msiba ule. Dawa itumiwayo ovyo huizoesha minyoo, hata ikafika siku haiui tena. Kila wiki 2 wakati wa mvua tunafungua kope na kulinganisha rangi na kadi ya FAMACHA, iliyobuniwa Afrika Kusini, yenye rangi 5 kutoka nyekundu hadi nyeupe. Aliyepauka hupewa dawa kwa kipimo cha uzito wake. Aliye mwekundu huachwa. Jike anayerudia kupauka kila msimu huuzwa, wala mwanawe habakizwi. Majike wenye mimba kubwa na wanaonyonyesha hutazamwa kwa makini zaidi, kwa kuwa kinga yao hulegea wakati huo nao hutapakaza mayai mengi malishoni.

Kuwanenepesha

Tangu wiki ya 2, tunawawekea wadogo pembe ya zizi yenye upenyo mwembamba ambao mama zao hawawezi kupita. Ndani yake mna pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya nazi, na maji safi. Mwanzoni huchezea tu. Kufikia wiki ya 5 hula kwa dhati. Huachishwa maziwa wakiwa na miezi 3 au 4, na kwa kuwa tumbo limekwisha kuzoea chakula kikavu, hawakondi.

Faida ya chakula hiki ni hesabu nyepesi. Mwanakondoo anayeongeza gramu 100 kwa siku hupata kilo 3 kwa mwezi. Akiongeza gramu 150 hupata kilo 4 na nusu. Katika miezi 4 tofauti ni kilo 6 za mnyama aliye hai, na karibu nusu yake ni nyama ya kuning'inizwa. Pima kila mwezi, na mtu akikuambia chakula fulani kinanenepesha, uiulize mizani.

Yako mambo 3 ya kuchunga. Nafaka iongezwe kidogo kidogo kwa wiki 2, kwani ikija ghafla huua, na kabla ya kuanza kunenepesha ulizia chanjo ya ugonjwa wa matumbo uwapatao walafi. Pili, usimpe kondoo chumvi ya madini ya ng'ombe wala chakula cha kuku. Mna shaba nyingi, na kondoo haistahimili. Tatu, madume wadogo watengwe na majike wafikapo miezi 4, kabla hawajaanza kusumbuana na kupoteza kilo walizokwisha kupata.

Dume asiyehasiwa hukua upesi kidogo na huwa na mafuta machache. Aliyehasiwa hutulia na hunona vizuri akikaa muda mrefu. Wanazuoni wa Shafi wameruhusu kumhasi mnyama aliwaye akiwa mdogo, na kuhasiwa hakumzuii kufaa kwa udhiya. Kifanywe katika wiki ya kwanza na mwenye ujuzi, bila kumtesa. Ama kukata mkia, kama wafanyavyo wafugaji wengine wa Dorper, tumeuacha kabisa kwa wale wa Idd, maana mkia uliokatwa una maneno kwa wanazuoni, na mnunuzi anataka utulivu wa moyo.

Kuuza kwa amana

Tulisema tulipokea arubuni za jirani 7. Wanakondoo walipokufa, tulikaa usiku kucha tukitafuta namna ya kuwaeleza. Mwishowe tulikwenda kwa shekhe wa mtaa, tukidhani atatutafutia njia ya kubakiza walau nusu. Alitusikiliza, kisha akauliza swali moja: "Mliuza nini hasa, wanangu?" Hatukuwa na jibu. Akatukumbusha kuwa kuuza kilicho tumboni ni kuuza kisichojulikana, nalo limekatazwa, na kwamba arubuni ya namna tuliyochukua haisihi katika madhehebu yetu. Kila shilingi irudi kwa mwenyewe.

Tulimuuza dume, tukaongeza na akiba zetu, tukarudisha zote. Mmoja wetu aliuza bangili yake ya pekee. Jirani mmoja alitaka kutusamehe. Tukakataa, kwa kuwa tuliona kusamehewa deni lile kungetuzoesha.

Masika mengine yamekwisha kupita. Kati ya wanakondoo 26 walikufa 2. Wazito wao hawamfikii yule mkubwa wa mwaka wa kwanza, lakini walikuwa 24 waliosimama kwa miguu yao, na kila mnunuzi alimpima aliyemtaka mbele ya macho yake, akaangalia meno, akafungua kope, akalipa, akaondoka naye. Jirani 5 kati ya wale 7 walirudi kununua kwetu.

Bi Mkubwa alikuwapo siku hiyo, ameketi kwenye mkeka karibu na mizani. Wa mwisho alipotoka langoni, alituambia tulete daftari. Hajui kusoma, lakini alitaka asomewe: nani alizaa nani, nani alipauka, nani alikufa. Tulipomaliza alisema tu, "Sasa mna kundi."

Wabillahi tawfiq.